Saa Nne na Dakika Kumi

Jumatatu, tarehe 4

Balaa. Bi Mkubwa kaingia masjala bila kubisha. Mimi nilikuwa chini ya meza natafuta kibanio cha karatasi, nikaona heri nibaki hukohuko. Wapi! Akasema aliye chini atoke. Nikatoka. Vifundo vya miguu vikaanza kugongana, kama kawaida yangu nikiogopa.

Akatukagua mikono, mimi na Pasi, kama mwalimu akaguavyo kucha. (Pasi si jina lake. Ni shati lake.) Sote tuko kwenye majaribio na nafasi ni moja. Ijumaa wanakuja wageni kutoka makao makuu. Wakishaondoka, mmoja wetu atathibitishwa kazini, mwingine ataaga. Anataka karani anayeonekana kuwa mtu wa wakati. Kisha akauliza saa ngapi. Huuliza kila mara, ingawa ana saa ya dhahabu nyembamba kama sarafu. Nadhani anatupima. Simu hazisaidii, kwa amri yake tunaziacha kwenye sanduku mlangoni.

Pasi akainua mkono haraka. Saa yake ni kubwa kama kisosi, ina vijiduara vitatu ambavyo hata yeye hajui vya nini. Mimi nikaificha yangu. Ya plastiki, zawadi ya shangazi. Haikosei hata nukta, lakini ina kitufe ambacho kikiguswa huwika kama jogoo. Shangazi alidhani itanizoeza. Naogopa majogoo. Na nisipothibitishwa, nafasi yangu iko tayari: bandani kwake, kulisha kuku. Ameshaninunulia na buti.

Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga. Wenye plastiki hata kunuswa haunuswi.

Jumanne, tarehe 5

Utafiti. Mchana sikula, nilisimama mbele ya duka la saa mpaka mlinzi akaniuliza nimetumwa na nani. Kwenye picha zote dirishani, kila saa ya kifahari inaonyesha saa nne na dakika kumi. Zote! Za mkanda wa ngozi, za mnyororo, zenye uso mweusi, zenye uso wa lulu. Nimesoma miaka yote hiyo, hakuna aliyenifundisha hili.

Nikamwendea fundi saa mwenye meza chini ya ngazi. Akanieleza kuwa mishale ikiinuka hivyo, saa huwa kama inatabasamu, na jina la mtengenezaji hukaa katikati kama bibi harusi kati ya wapambe wake. Saa iliyonuna, akasema, hainunuliwi.

Kisha akafungua droo. Lahaula! Uso wa bluu, bluu ya wino ambao haujakauka. Hauna namba, ni vistari vyembamba tu, kana kwamba mwenye saa hana shida ya kuhesabu. Mkanda unanukia kiatu kipya. Na mishale? Saa nne na dakika kumi! Fundi ni mtu mkweli. Akaniambia, "Mdogo wangu, hii haitembei. Imekufa." Nikamjibu hata mimi sitembei sana, kazi yangu ni ya kukaa. Akanitazama kwa huruma. Akaniuzia.

Mpango: ya bluu mkononi, kwa heshima. Ya plastiki mguuni ndani ya soksi, kwa ukweli. Mfukoni haiwezekani, Bi Mkubwa hapendi mtu anayetia mikono mfukoni.

Jumatano, tarehe 6

Ushindi! Nilimvizia Bi Mkubwa nyuma ya birika la chai mpaka ikatimu nne na kumi. Akauliza saa. Nikainua mkono polepole, ili bluu ishike mwanga. Akaushika, akatazama kwa kitambo. Akasema saa nzuri ni kama mtu mzuri: haipigi kelele. Wanaovaa visosi, akasema, hawajui hayo. Pasi akajimwagia chai shatini. Tone moja tu, lakini kwa Pasi huo ni msiba.

Nikatupia jicho saa yake ya dhahabu. Nne na kumi vilevile! Tumelingana hadi dakika. Ndivyo walivyo watu wenye vitu vizuri.

Alhamisi, tarehe 7

Alasiri sikuwa nimeipangia. Bi Mkubwa kachomoza ghafla kwenye ushoroba: saa ngapi? Mkononi bado ilikuwa asubuhi. Nikainama kama ninayefunga kamba za viatu, nikachungulia soksi, nikajibu nikiwa kulekule chini: saa tisa na robo, Bi Mkubwa. Nilipoinuka nikakumbuka viatu vyangu havina kamba.

Lakini yeye alikuwa ameshika kifua. Akasema tangu aikalie ofisi hii hajawahi kuinamiwa. Akauliza nimelelewa na nani. Nikasema shangazi. Akasema mwanamke huyo asalimiwe.

Pasi alisikia. Alipoulizwa yeye, akainama hadi kalamu zikamwagika. Mhasibu naye akainama. Jioni hata dereva, akiulizwa saa, anashuka kama anayetafuta sindano.

Pasi kanibana mlangoni. "Wewe, huko chini kuna kitu." Nikasema ni adabu tu. Akasema hajaona adabu inayovimbisha soksi. Vifundo vikagongana. Bahati nzuri saa nimeifunga upande wa nje.

Ijumaa, tarehe 8

Asubuhi, kwa haraka, ya plastiki niliifunga upande wa ndani.

Kiongozi wa wageni, mzee wa tai nyekundu, alihutubia kwa muda mrefu. Akakumbuka ana ndege ya kuwahi na saa yake kaisahau hotelini. Akamuuliza Bi Mkubwa. Bi Mkubwa akanigeukia mimi. Mimi! Mbele ya halaiki!

Vifundo vikagongana. Kokoriko!

Nikainama kuizima. Ofisi nzima ikainama, wakidhani ndiyo itifaki. Kokoriko! Mzee wa tai akachungulia chini ya meza kumtafuta jogoo. Pasi akaona ndiyo siku yake, akanivuta suruali juu, akapaza sauti, "Huyu hapa!" Plastiki ikawa nje.

Mzee wa tai akausoma mguu wangu. Akapiga kelele. Akatoka mbio na wenzake nyuma, akinishukuru toka ngazini. Bila mguu ule ndege ingemwacha.

Bi Mkubwa akaniita ndani, akafunga mlango. Nilishaanza kusikia kuku. Akataka saa ya bluu. Akavua na ya kwake. Akaziweka mezani, bega kwa bega. Nne na kumi. Nne na kumi. Na ilikuwa adhuhuri! Ya kwake ilikufa muda mfupi baada ya kupewa kiti kile. Mafundi wameshindwa, kuivua anaona haya, ndiyo maana huuliza. Akasema, "Nyamaza, na mimi ninyamaze."

Nimethibitishwa! Kazi yangu mpya: kutembea karibu naye na kumnong'oneza saa. Ameamuru nivae moja tu, ya plastiki, mkononi, hadharani, jogoo akiwa ametolewa. Na upuuzi niache. Nikasema ndiyo, Bi Mkubwa. Nikainama. Akasema na kuinama pia niache.

Jumamosi, tarehe 9

Nimelala vizuri. Shangazi kapiga simu, kalia kidogo, kasema buti atampa mtu mwingine.

Nikakaa nikafikiri kwa utulivu, kisomi. Kama saa moja iliyokufa ilimtosha Bi Mkubwa kukalia kiti kile, mbili zitanifikisha wapi? Nikaenda kwa fundi. Anayo! Ya fedha, uso mweupe kama ganda la yai, imekufa saa tisa na robo. Asubuhi nitavaa ya bluu, alasiri ya fedha. Fundi akaniomba nimsikilize kama kaka. Nikamwambia mambo ya ofisini hayajui.

Ya plastiki inarudi mguuni. Kosa la wiki hii nimeligundua: soksi zilikuwa fupi. Nimenunua zinazofika magotini.

Ngazini nikapishana na Pasi, aliyeshaaga kazini. Anachechemea, kavaa kisosi chake mguuni, na alikuwa akimwendea fundi kuulizia saa inayowika.

Nilimhurumia. Kuna watu, jamani, hawajifunzi.