Faida Niliyomfafanulia Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe ana hisa katika kampuni yetu ya redio na magazeti! Miaka yote kimya. Leo kaja na taarifa ya fedha ya mwaka, nene kama godoro la mtoto, anataka mkwe wake wa redioni amfafanulie. Mimi natangaza salamu za mchana. Hesabu zilinishinda tangu shule. Lakini nikiri mbele ya mke wangu? Thubutu! Nikakohoa, nikafungua ukurasa wa mwisho. Faida imepanda mara mbili! Mama mkwe kaniita mwanangu. Mara ya kwanza tangu harusi.

Jumanne, 4 Machi
Nafasi ya mkuu wa vipindi iko wazi. Kipenga, mtangazaji wa michezo, anaimezea mate. Nami pia. Mpango: Ijumaa, kwenye mkutano wa wanahisa, mama mkwe asimame anisifu. Amekubali papo hapo. Kauliza tu mbona katikati ya taarifa kuna faida ya uendeshaji, nayo imeshuka. Nikamwambia hayo ni mambo ya magari; madereva wetu mwaka huu wamezembea. Akili inachemka!

Alhamisi, 6 Machi
Kipenga kaniuliza kama nimesoma kurasa za katikati. Wivu mtupu. Nimenunua tai.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa.
Mama mkwe alisimama, akanisifu hadi nikatamani kulia. Kisha akamtaka mkurugenzi awachukulie hatua madereva wanaoshusha faida ya uendeshaji. Watu wakatazamana. Halafu kicheko! Madereva wenyewe, mlangoni, hawakucheka.
Mkurugenzi akajibu kwa upole. “Mama, uendeshaji ni kazi yetu yenyewe. Tunauza magazeti na nafasi za matangazo, tunalipa mishahara, umeme, karatasi. Kinachobaki ndicho kinachoonyesha kama kazi inatulipa. Mwaka huu kimepungua. Faida ya mwisho imepanda kwa sababu tumeuza jengo la zamani, na jengo haliuzwi mara mbili.”
Mama mkwe akataka kujua ni kazi ipi hasa inayowaangusha. Mkurugenzi akasita, akatazama viatu vyake. Salamu za mchana, akasema. Wasikilizaji wanasalimiana weee, lakini hakuna mfanyabiashara anayetaka kujitangaza humo.
Mama mkwe karudi nyumbani kwa gari la Kipenga.

Jumamosi, 8 Machi
Kipenga ndiye mkuu wa vipindi. Amri yake ya kwanza: salamu zikatwe, zibaki robo saa. Mke wangu kaniuliza polepole kwa nini sikumwambia mama kwamba sijui. Nilijiona mdogo kama kisoda. Mchana nikaenda kuomba radhi. Mama mkwe kanisamehe, ila kaniita “bwana mtangazaji”.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetafakari. Mkurugenzi mwenyewe kasema: waliuza jengo, faida ikapanda. Kumbe ni rahisi hivyo! Sasa, juu ya paa letu kuna mnara wa kurushia matangazo. Chuma kitupu! Unakula umeme kutwa kucha, na sijaona mtu hata mmoja akiutumia. Tuuuze! Faida itapanda mara tatu, na Kipenga atanikoma. Nimeomba kumwona mkurugenzi kesho asubuhi. Nitavaa tai.