Wahitimu Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika. Mtathmini anakuja keshokutwa kukagua kozi yangu ya ubunifu wa tovuti na picha za mtandaoni. Atakaa siku tatu. Mkuu wa Chuo ameisoma barua mbele ya walimu wote, kisha akaniangalia mimi tu, kama vile anayekuja ni polisi.

Kisa ni ripoti yangu ya mwaka jana. Niliandika kwamba kati ya wahitimu wangu ishirini na wawili, kumi na saba wanafanya kazi ya fani. Ukweli ni kwamba niliwapigia simu watano, wakapokea wawili. Mmoja anauza viatu. Wa pili aliniuliza mimi ni nani. Nikakaa nikafikiri, nikaona kumi na saba ni namba ya kiungwana. Si kubwa ya kujisifu, si ndogo ya kutia huruma.

Sasa huyo Mtathmini anataka kukutana nao. Na kozi ikionekana haina faida, barua inasema, chumba kitapewa fani nyingine. Mwalimu wa Ushonaji, ambaye karakana yake imepakana na chumba changu, alianza palepale kupima madirisha yangu kwa macho. Yeye kazi zake zinaonekana. Hata suti aliyovaa Mkuu leo imeshonwa na wanafunzi wake. Kazi zangu mimi ziko hewani.

Nimemwambia mke wangu kuna jambo dogo kazini. Akauliza, dogo kama lile la mwaka juzi? Nikaomba chumvi.

Jumanne, 4 Machi

Mpango umepatikana. Una pande mbili.

Upande wa kwanza, vifaa. Nina kompyuta kumi na mbili. Zinazowaka ni saba. Nimechapisha kurasa tano za tovuti kwa rangi, nikazikata kwa wembe na kuzibandika juu ya vioo vya zile tano zilizokufa. Ukisimama mlangoni, zote kumi na mbili zinafanya kazi. Nimesimama mlangoni mara sita. Nimeridhika mara sita. Wanafunzi nimewaeleza kwamba hilo ni zoezi la nadharia.

Upande wa pili, wahitimu. Wa kweli ninayemjua yuko mmoja, binti tuliyempa jina la Kwa Nini, maana hakuna nililoandika ubaoni asiloliulizia hivyo. Siku hizi ana kibanda cha fotokopi karibu na lango la hospitali. Ndiye aliyetengeneza tovuti ya chuo, ilikuwa kazi yake ya mwisho. Chini kabisa ya ukurasa pana jina langu. Nililiweka mimi. Nilijiambia kwamba mwalimu ni mzazi, na mtoto hubeba jina la mzazi.

Huyo simwiti. Ana maswali.

Nimemwita shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye ni mchora mabango. Nimemkalisha sebuleni nikamfundisha sentensi nne za mhitimu aliyefanikiwa. Anashika haraka. Kwa nusu saa nzima nimejiona mwalimu hodari. Mke wangu alipita na beseni la nguo, akasimama, akasikiliza, akasema ombi lake ni moja tu, ukoo wao usitajwe.

Jumatano, 5 Machi

Nilitarajia mwanamume wa tai na mkoba. Amekuja mama mtu mzima, mpole, viatu vya raba na daftari moja. Alikataa kiti cha mbele, akaenda kukaa nyuma kabisa kwenye stuli.

Nilifundisha rangi. Napenda kufundisha rangi kwa sababu hakuna anayeweza kunikosoa. Dakika ya kumi Mtathmini akainuka, akaanza kutembea kati ya meza. Akasimama nyuma ya mwanafunzi mmoja, mama wa watoto wawili, mtiifu kupita kiasi. Mwanafunzi huyo alikuwa mbele ya karatasi yangu, anasogeza kipanya kushoto na kulia, na kubofya anabofya. Mtathmini akatazama kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole, akaigusa ile tovuti. Kona ikabanduka.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "ukurasa wa huyu haushuki chini."

Nikasema leo mtandao uko taratibu.

Darasa zima likainamisha vichwa. Hawakucheka. Wangecheka ningepona. Yule mwanafunzi akalowesha kidole kwa mate na kuirudisha kona mahali pake, ili kunisitiri. Mtu ananisitiri kwa mate yake, na mimi ndiye mwalimu wake.

Mtathmini hakuandika kitu. Alilifunga daftari akauliza maji ya kunywa yako wapi. Sijawahi kutukanwa na daftari lililofungwa. Leo nimetukanwa.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji alikuja amevaa suti yangu ya harusi, ambayo siku hizi inamkaa yeye kuliko mimi. Tulikutana ofisini kwa Mkuu. Mwalimu wa Ushonaji alijitolea kumimina chai. Hajawahi kujitolea jambo lolote tangu aajiriwe.

Sentensi mbili za kwanza zilitoka safi. Ndipo Mtathmini akauliza, akipewa kazi ya tovuti huanzaje. Hilo halikuwamo katika zile nne. Shemeji akakohoa, akanitazama, nikatazama dari. Basi akajibu kutoka moyoni. Akasema kwanza unapiga msasa. Halafu unapaka rangi ya chini na kuiacha ikauke kutwa nzima. Akasema wenye pupa ndio wanaoharibu fani, mvua ya kwanza tu tovuti yote imebanduka.

Mkuu akaweka kikombe chini. Mtathmini akaomba anwani ya tovuti moja aliyoitengeneza, akaitazame.

"Ukipita mzani wa nafaka, kata kulia," shemeji akasema. "Iko juu ya duka la vipuri. Ina simba."

Chai ya Mwalimu wa Ushonaji ikajaa hadi kwenye kisahani. Mtathmini akauliza, kwa sauti ileile ya upole, huyu mhitimu na mimi tunafahamianaje. Shemeji hajui kudanganya swali likiwa fupi. Akasema, "Ameoa kwetu."

Mchana Mtathmini alikwenda kumtazama simba. Aliporudi alimwambia Mkuu kwamba amechorwa vizuri sana, hasa macho. Alisema kweli, bila kejeli. Hapo ndipo masikio yaliponiwaka moto. Nilikuwa na shemeji anayejua kazi yake barabara, nikamvisha suti aje aonekane mjinga.

Nyumbani alinirudishia koti limekunjwa, akaniomba radhi kwa kuniharibia. Yeye ananiomba radhi mimi. Nilisema haidhuru. Nilisema kwa ukarimu kabisa, kama mtu aliyekosewa.

Ijumaa, 7 Machi

Mtathmini amesema wahitimu atawatafuta mwenyewe, ataanza baada ya chai ya saa nne. Nikajua ataanzia wapi. Saa tatu na nusu nikamuaga Mkuu kwamba jino linaniuma. Nikapita njia ya nyuma, nikaruka mtaro, kiatu kimoja kikabaki topeni, nikakirudia.

Kibanda cha Kwa Nini ni kidogo kuliko jiko letu. Mashine ya fotokopi, kompyuta mbili, na mabinti wawili wameinamia kioo kimoja. Niliwatambua. Ni wahitimu wangu pia, wale waliokuwa wakikaa karibu na mlango. Kwa Nini alikuwa akiwaelekeza. Mbele yao palikuwa na ukurasa wa zahanati, wenye saa za daktari na siku za chanjo. Ulikuwa unashuka chini vizuri kabisa.

Wakaniamkia kwa heshima, nami sikusubiri hata pumzi zitulie. Nikamwambia Kwa Nini kuna mama anakuja kuuliza maswali. Nikamwomba aseme nilimfundisha kila kitu, na kwamba wenzake wote wana kazi. Kuhusu tovuti ya chuo, aseme tuliitengeneza pamoja. Nikaona nimezidisha, nikapunguza. Aseme nilimsimamia.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema taratibu, "Mwalimu, huyo mama yuko hapo nyuma. Anasubiri nakala zake."

Nyuma ya mashine ya fotokopi, juu ya kreti iliyopinduliwa, viatu vya raba. Chai hakunywa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini pale sakafu ni ya saruji.

Mtathmini hakunikemea. Alimwomba Kwa Nini aendelee alipoishia, naye akaendelea mbele yangu, bila hasira. Alisema darasani walijifunza kuwasha kompyuta, kuizima, na rangi. Mengine walifundishana wao wenyewe siku za Jumamosi.

"Mwalimu alikuwa anatuachia ufunguo wa chumba," akasema. "Kutwa nzima, hakuna wa kutuharakisha. Wengine hawawaamini wanafunzi. Yeye alituamini. Bila ule ufunguo mimi nisingekuwa hapa."

Mtathmini akafungua daftari akaandika. Mistari miwili mizima, na ya kunisifu.

Mungu anajua na mimi najua. Ufunguo nilikuwa nawaachia kwa sababu Jumamosi kuna mpira. Siku zisizo na mpira nililala. Nimesemwa vibaya mara nyingi katika maisha yangu na nikala nikashiba. Leo nimesifiwa, na chakula hakishuki. Wale mabinti walikuwa wananitazama kwa shukrani. Nilifungua mdomo niwaambie. Nikasema jino linaniuma.

Jumatatu, 10 Machi

Mtathmini alirudi leo kusoma matokeo. Siku mbili hizi amewapata wahitimu ishirini kati ya ishirini na wawili, kwa simu na kwa miguu yake. Wanaofanya kazi ya fani ni sita. Wote sita ni watu wa Jumamosi.

Mapendekezo ni haya. Kozi ibaki. Chumba kiwe wazi kila Jumamosi. Zile kompyuta tano zitengenezwe, zisipambwe. Kwa Nini aitwe kufundisha. Na mimi nikae darasani kwake muhula mzima, pamoja na wanafunzi, kisha niwe msaidizi wake. Mkuu akakubali kabla Mtathmini hajafikia mwisho wa sentensi.

Sijui ni nini kilichoninyanyua. Nilijikuta nimesimama, ninasema kwamba jina lililo chini ya tovuti ya chuo si la aliyeitengeneza. Aliyeitengeneza ni Kwa Nini. Nililisema lote.

Mwalimu wa Ushonaji akasema, wala si kwa ubaya, kwamba hilo linajulikana tangu wiki ya kwanza, hata mlinzi analijua. Mkuu akasema alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe. Mwaka mzima wananiangalia napita koridoni nimevimba, nao wanasubiri.

Habari ya ufunguo sikuigusa. Imeshapigwa chapa kwenye ripoti.

Wakati wa kuagana Mtathmini alinishika mkono akauliza wale kumi na saba niliwatoa wapi. Nikamwambia kichwani.

"Sita wa kweli walikuwa wanatosha, Mwalimu," akasema.

Nimerudi nyumbani nimemweleza mke wangu yote, pamoja na ya ufunguo. Aliendelea kukunja nguo. Nguo zilipokwisha akasema angalau safari hii nimesema mwenyewe, kisha akanipakulia chakula. Nimelia kidogo. Naahidi hapa kwa mkono wangu, sitaghushi tena chochote, kikubwa wala kidogo.

Jumanne, 11 Machi

Mkuu ametugawia fomu walimu wote, maana tathmini imegusa chuo kizima. Ukurasa mmoja. Taja mambo matatu uliyojifunza. Mwisho wa kurudisha ni kesho.

Nilikaa nayo asubuhi yote. Nilikuwa nayo mengi ya kusema, lakini kila nililolianza lilikuwa linanitaja mimi. Saa tano nikaenda karakana ya jirani kuomba gundi. Mwalimu wa Ushonaji alikuwa ametoka kuchukua chai. Fomu yake ilikuwa mezani, imejazwa mawili. Mwandiko mzuri, mawazo mazito. Nikayanakili. Si kughushi, nimebadilisha maneno. Palipo na sindano nimeweka kipanya, palipo na kitambaa nimeweka tovuti.

Kwa hiyo la kwanza nimejifunza kwamba kipanya hubadilishwa kabla hakijakatika. La pili, tovuti ilowekwe majini usiku kucha kabla ya kukatwa, isije ikamsinyalia mteja.

La tatu yeye alikuwa hajaliandika, ikabidi nitunge mwenyewe. Nimeandika: "Nimejifunza kusema ukweli."

Fomu yangu imekuwa ya kwanza kufika mezani kwa Mkuu. Mwalimu wa Ushonaji bado analitafuta la tatu.