Kikombe Nilichomnyang'anya Maalim

Leo nimepatikana. Nimeuza chai barabarani tangu nilipoacha shule. Nimerushiwa matope na magari, nimetukanwa na watu wasiotaka kulipa, lakini aibu kubwa nimekuja kuipata sebuleni kwangu mwenyewe. Naandika haya nikiwa nyuma ya nyumba, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ndani siwezi kutazamana na mtu.

Mnaonijua kijiweni mnajua kwamba wazazi wetu walishatangulia na kwamba mimi ndiye mkubwa. Nyuma yangu yuko Zuhura, kisha wadogo wawili. Niliacha shule ili wao wasiache. (Hilo silijutii. Ninachojutia ni cha leo asubuhi.) Sasa Zuhura kapata mchumba. Anaitwa Idrisa, mwalimu wa shule ya msingi huko Kondoa, kijana mtaratibu, na leo wazee wake walikuwa wanakuja kuleta posa. Baba angekuwepo, angewapokea yeye. Kwa kuwa hayupo, walii ni mimi. Mimi ndiye wa kuwakaribisha na mimi ndiye wa kusema ndiyo.

Kuna maneno ambayo watu huyasema wakishaondoka nyumbani kwako, wakiwa peke yao ndani ya basi: "Binti mzuri, lakini kwao hakuna watu." Posa nyingi za mayatima zimefia hapo. Niliwaza, nikikosea kukaribisha, nikikosea kuketi, nikikosea hata salamu, atakayelipa ni Zuhura.

Na aliyekuwa anaongoza msafara ni Maalim Issa, baba mkubwa wa Idrisa. Amefundisha madrasa tangu zamani. Idrisa ni mtu mzima mwenye ndevu, lakini akimtaja baba yake mkubwa anashusha sauti.

Mtu mwenye hofu hushika anachokijua. Mimi najua chai.

Siku hizi najua nyingi. Zamani nilidhani chai ni mbili tu, ya rangi na ya maziwa. Kisha dereva mmoja wa lori alinisahaulia pakiti ya chai ya kijani pale kijiweni. Niliichemsha kama ninavyochemsha ya kawaida, ikatoka chungu kama dawa ya minyoo. Sikukata tamaa. Nikaacha maji yapoe kidogo kabla ya kumimina, nikakutana na ladha ya majani yaliyonyeshewa na mvua. Nilikaa na kikombe kile nikasahau wateja. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutafuta. Nimejaribu mchaichai, mbichi na mkavu, na nawaambia mkavu una adabu zaidi. Nimejaribu ya mdalasini, ya karafuu (moja tu, ukizidisha utahisi umeng'olewa jino), na ya maziwa ya mbuzi kutoka Mpwapwa, ambayo mteja mmoja aliisifu hadi alipojua ni ya mbuzi. Nyumbani nina rafu ya makopo. Zuhura husema, "Kaka, watu wanakunywa chai, wewe unaisoma."

Mwezi uliopita nikakutana na choya, yale maua mekundu. Ukiyaloweka unapata chai nyekundu yenye ukali wa ukwaju, na ikinywewa baridi kwa joto hili la Dodoma unasahau deni lolote. Nikaamua. Wageni watatoka Kondoa kwa basi, watakuwa na vumbi na kiu, mimi nitawapa chai baridi ya choya yenye tangawizi. Watajua wamefika kwa watu.

Mteja mmoja akaniambia choya ikikaa sana ndiyo inakolea. Nikaiandaa mapema wiki hii, nikatia sukari ya kutosha, nikaijaza kwenye dumu nililomwomba jirani yangu, Mama Yohana. Nikafunga kwa nguvu, nikalisukuma uvunguni mwa kitanda changu.

Leo asubuhi nikalivuta. Dumu lilikuwa limetuna. Nilipolegeza kifuniko likapiga kelele kama tairi la baiskeli likitoka upepo, na povu likapanda.

Nilifurahi. (Ndiyo. Nilifurahi.) Nilijua soda ina gesi, na soda ni kitu cha heshima kwa wageni, sasa chai yangu imejitengenezea gesi yenyewe. Nikaonja. Ilinichoma ulimi kwa utamu. Nikaonja tena ili nijue kama tangawizi imezidi. Haikuzidi. Nikaonja kwa ajili ya sukari. Nikaonja kwa ajili ya hofu, kwa sababu niligundua kwamba kila nikionja, Maalim Issa anapungua urefu. Sikuwa nimekula chochote tangu jana.

Mzee wa msikitini aliyeahidi kuja kukaa nami kama mtu mzima wa nyumba akapiga simu: amepata msiba, anakwenda kuzika. Siku nyingine ningetetemeka. Leo nikamwambia, "Nenda mzee wangu, mimi nitaweza." Zuhura akanitazama.

"Kaka, uko salama?"

"Niko salama kuliko jana."

"Mbona umeegemea friji?"

"Napoza chai," nikasema.

Wakafika. Maalim Issa, baba yake Idrisa, na mzee mwingine wa ukoo, wote na kanzu nyeupe. Maalim ni mrefu hadi aliinama mlangoni. Nikatoa shikamoo. Nikaona midomo yangu inachelewa kidogo, kama inasubiri ruhusa. Wakaketi. Nikaleta jagi la choya, nikalifunika kitambaa cha kufuma cha marehemu mama, nikapanga vikombe, nikawaomba radhi niende kuchukua vitumbua.

Jikoni alikuwepo Mama Yohana, aliyekuja kumsaidia Zuhura kupika. Yeye hupata kazi kule Makutupora kila msimu wa zabibu, hukaa huko hadi mavuno yaishe. Dumu lilikuwa chini, wazi. Akainama, akanusa. Akanusa tena.

"Kaka Rajabu, umeweka nini humu?"

"Chai ya choya."

"Lini?"

"Mwanzoni mwa wiki."

Akaninyooshea kidole. "Dumu hili si uliniambia unataka la maji ya kufulia?"

"Niliona ni zuri, nikaliosha."

"Hili lilikuwa la mvinyo. Harufu yake haitoki hata usugue kwa mchanga. Na wewe umetia sukari, umefunga, umeliweka kwenye joto." Akachovya kidole, akalamba, akakaa juu ya gunia la mkaa. "Hii si chai, kaka. Hii imeshakuwa pombe. Umeinywa?"

"Nimeonja."

"Umelewa."

"Sijalewa. Mimi sijawahi kulewa."

"Utajuaje, sasa, kama hujawahi?"

Zuhura alikuwa ameshika mwiko, machozi yamemjaa. Nikaona kwake uso wa mama. Na hapohapo, kupitia pazia, nikasikia sauti ya Maalim Issa ikisema kwa upole, "Wazee, tuonje chai ya mwenye nyumba. Bismillahi."

Ndugu zangu, mimi sijui nilifikaje sebuleni. Nakumbuka pazia lilikuja nami, limenining'inia begani. Kikombe kilikuwa kimeshagusa midomo yake. Sikusema samahani. Nilimrukia mwalimu wa madrasa, mzee wa watu, mgeni wangu, nikamnyang'anya kikombe mdomoni.

Kikombe nilikipata. Chai sikuipata. Ilimshuka kifuani hadi magotini, nyekundu, juu ya kanzu nyeupe. Wale wawili walikuwa wameshika vyao. Nikavizoa navyo, na jagi nikalikumbatia.

Baba yake Idrisa mkono wake ulibaki hewani, umeshika kikombe ambacho hakipo.

"Kuna nini?" akauliza Maalim. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali apaze.

"Nzi," nikasema. "Kulikuwa na nzi."

"Kwenye vikombe vyote?"

"Walikuwa wengi."

Akatazama sakafu. Akatazama ndani ya jagi nililokumbatia. Kisha akanitazama mimi, na pua yake ikacheza.

"Sogea hapa, kijana."

Nikasogea.

"Nipumulie."

Mnawajua askari wa barabarani wenye kile kifaa chao cha kupimia madereva? Ndivyo nilivyosimama. Walii wa nyumba, nimekumbatia jagi, pazia begani, nampumulia mzee aliyekuja kuomba mke. Nilipumua kidogo. "Pumua kama mtu," akasema. Nikapumua kama mtu. Akarudi nyuma na kiti chake.

"Inna lillahi," akasema.

Niliona kila kitu: basi la Kondoa, wazee watatu ndani yake, na yale maneno. Nikapiga magoti. Sikuwa na ujanja mwingine uliobaki, nikasema ukweli wote, kuanzia dumu la kufulia hadi kuonja kwa ajili ya hofu. Niliongea mno. (Mama Yohana anasema nilieleza hadi tofauti ya mchaichai mbichi na mkavu. Sikumbuki, na sitaki kukumbuka.)

"Umejua lini kwamba ni pombe?" akauliza Maalim.

"Sasa hivi, jikoni."

"Ukaona bora uniloweshe."

"Niliona bora ulowe kuliko unywe, Maalim."

Baba yake Idrisa, ambaye hakuwa ametamka neno zaidi ya salamu, akainua kitambaa cha meza akajifunika uso. Nilidhani analia. Mabega yakamtikisika. Yule mzee mwingine akageukia ukutani. Maalim Issa aliwatazama wote wawili kwa ukali, kisha ndevu zake zikaanza kumsaliti.

Lakini alipomaliza kucheka alikuwa Maalim tena. "Sikiliza. Sisi tumekuja kuomba mke, na wa kujibu ni wewe. Mtu aliyelewa hata kuku hauzi. Kwa hiyo leo huna neno."

"Maalim, naomba—"

"Huna neno mpaka akili zirudi. Tutangoja. Binti, chai ipo humu ndani? Chai hasa?"

Zuhura alinitoa jagi mikononi bila kunitazama. Akachemsha chai ya rangi, maji, majani na sukari, basi. Akaniletea mimi kwanza, kwa amri ya Maalim, na vitumbua vyote vya wageni. Nikala mbele yao kama mgonjwa, wao wakinitazama. Maalim alikuwa amevaa kanga ya Zuhura kiunoni, kanzu yake inalowekwa uani. Kila nilipomaliza kikombe aliashiria kingine. Wakaswali adhuhuri. Mimi nikaambiwa nikae palepale, nijitazame.

Baada ya alasiri akavuta kiti mbele yangu.

"Nieleze dada yako ni mtu wa namna gani. Polepole."

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba Zuhura akikasirika anafagia, na kwamba nyumba yetu ni safi sana. Nilimwambia mama alipolazwa yeye ndiye aliyekuwa akimsuka nywele kila asubuhi, na siku ya mwisho pia alimsuka. Nilimwambia anamtaka Idrisa, na kwamba mimi nilikuwa na hofu ya kumharibia, na nimemharibia. Nyuma ya mlango usio na pazia nikasikia mtu anapenga kamasi.

Maalim akawageukia wenzake. "Huyu amerudi." Kisha akaniuliza swali lililowaleta, kwa heshima zote, kama vile ndiyo kwanza ameingia. Nikajibu ndiyo. Ulimi haukuchelewa.

Wameondoka sasa hivi. Harusi ipo. Lakini Maalim aliposimama mlangoni, kanzu yake bado ina waridi kubwa kifuani, aliweka sharti moja, na baba yake Idrisa akaliunga mkono kabla halijaisha: siku ya harusi chai yote itapikwa Kondoa, itakuja na basi kwenye chupa zao, na kaka wa bibi harusi hatasogelea birika.

Basi mimi, muuza chai, nitamwoza dada yangu nikiwa mgeni wa chai. Mkija kijiweni kesho, nawaomba msicheke. Na mtu asiniambie nimpumulie.