Matango Yamenitoa Nyumbani, Shemeji

Kwa Shemeji yangu mheshimiwa,
Kaka mkubwa wa mke wangu.

YAH: MATANGO KUSHIKA NAFASI YA MUME

Natumaini u mzima pamoja na wote wa nyumbani kwako. Mimi nipo, ila huko kuwepo kwenyewe ndiko ninakokuandikia.

Siku uliyonikabidhi dada yako uliniambia nikiona tatizo nisinung'unike kwa majirani, nije kwako. Miaka yote sikuja, maana tatizo halikuwepo. Sasa nimestaafu ukarani, nashinda nyumbani, na tatizo naliona vizuri: dada yako ameanzisha bustani. Kwa mazoea ya kazi nimeyapanga malalamiko kwa namba.

1. Kiti. Ilianza na ndoo mbili za mchicha karibu na mlango wa jikoni, nikasema haya, acha ajifurahishe. Ikaja nyanya, likaja bilinganya, kisha yakaja matango, nayo hayana adabu, yanatambaa. Kiti changu cha uani, nilichopanga kuzeekea, kimehamishiwa kwenye korido mlangoni pa choo, kwa kuwa pale pangu panapata jua la asubuhi. Sasa kila anayekwenda kujisaidia ananiamkia kwanza.

2. Mavazi. Tango likipanda linataka kufungwa kwenye mti kwa kitu laini kisichokata shina. Dada yako alifungua kabati akachukua tai zangu zote. Ile ya bluu ya harusi, uliyonifunga wewe mwenyewe, leo imevaliwa na tango. Nilipouliza nikaambiwa, kwani mstaafu anakwenda wapi na tai. Niliumia, shemeji.

3. Chandarua kimetoka kitandani kikaenda kufunika miche, eti kuna ndege. Asubuhi anatoka kuyauliza matango yameamkaje. Mimi niliyeliwa na mbu usiku kucha naambiwa nisogee, nimekanyaga mbolea.

4. Hili ndilo zito. Nimefanywa mshenga. Nyuki wamepotea mtaani kwetu, na matango yetu bila nyuki hayazai. Kuna maua dume, yenye kikonyo chembamba, na maua jike, yaliyobeba kitango kidogo nyuma. Ni lazima mtu achukue ule unga wa njano wa dume akaupake kwa jike, asubuhi, kabla maua hayajafumba. Dada yako haoni vizuri vitu vya karibu, na miwani anasema inamzeesha. Basi kazi nimepewa mimi, pamoja na brashi yangu mwenyewe ya kunyolea ndevu. Mtu mzima mwenye wajukuu, nachutama kupeleka posa ua hadi ua, na nikimaliza sipewi hata chai.

Lililonivunja moyo ni kwamba ua dume likishafanya kazi yake, jioni limenyauka, na dada yako analitupa kwenye shimo la mbolea bila hata kuliangalia. Mimi nami ni dume, shemeji, na kazi nimestaafu. Nikaelewa.

5. Ikiwa ni mimi niliyewaozesha wazazi, basi tango la chakula cha mchana ni mjukuu wangu. Nikikataa kulila naambiwa nadeka. Na wewe usijione umepona: dada yako ni bibi yake, kwa hiyo wewe ni babu. Hivi ninavyoandika, wajukuu zako wanakatwakatwa na kutiwa chumvi, na ukoo mzima umekaa kimya.

Kutokana na hayo naomba kikao cha ukoo kiitwe, dada yako achague, mimi au matango. Kikao kikichelewa, nipokee kwako. Begi nimeshafunga. Brashi nimeirudisha bafuni tangu wiki iliyopita, nikamwambia aozeshe mwenyewe. Sitaki ugomvi. Nataka tu kujua kama katika nyumba hii bado kuna kitu ambacho bila mimi hakiendi.

Nisalimie mkeo, watoto, na mama mkwe, ila yeye usimsomee namba nne.

Wako mnyonge,
Shemeji yako, karani mstaafu
(mume wa dada yako hadi kikao kitakapoamua vingine)

N.B. Kikao kisiitwe. Nilipokuwa natafuta bahasha dada yako aliniita uani. Vitango vyote vipya vimegeuka njano na kudondoka. Kumbe wiki nzima alikuwa anapaka majani. Alisimama pale na brashi yangu mkononi, akasema mkono wangu ndio matango yanaoukubali, kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba nikiondoka bustani yote ataing'oa. Akalia kidogo. Nami kidogo. Kiti kimerudi uani, na chai nimeletewa hapo hapo.

Kwa hiyo usishangae kulipokea begi bila mimi. Nguo nimetoa, nimetia matango ya mavuno ya kwanza. Lile kubwa lililovaa tai ya bluu ndilo kaka yao, mlile kwa heshima. Tai unirudishie mapema, maana hapa kila asubuhi kuna harusi.