Nathanaeli na Meza za Cherehani

Nathanaeli aliiona neema yake asubuhi moja ya baridi mjini Lushoto, ikiwa imebebwa na wapagazi wawili na kupelekwa nyumbani kwa mzungu. Wakati huo alikuwa ameketi kwenye baraza ya hoteli karibu na soko, akinywa chai iliyolipiwa na mkulima wa kabichi aliyeahidiwa mbolea ya bure. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kuahidi. Shamba la baba yake huko Bungu aliliacha likaota magugu tangu bendera ya mkoloni iliposhushwa, kwa maelezo kwamba mtu huru halimi, na tangu hapo mkono wake haukuwa umegusa mpini wa jembe hata kwa bahati mbaya.

Neema yenyewe ilikuwa meza ya cherehani. Mzungu mmoja mrefu, mtaalamu wa ng'ombe wa maziwa, alikuwa ameinunua kwa fundi wa barazani. Fundi alidhani ameuza cherehani nzima. Lakini mzungu alifungua skrubu mwenyewe, akanyanyua kichwa cha mashine, akamrudishia.

"Hiki chako," alisema. "Mimi nataka meza."

Fundi alibaki amekumbatia kichwa cha cherehani, hajui acheke au aite polisi. Nathanaeli hakucheka. Alimfuata mpishi wa mzungu hadi buchani, akalisifia shati lake, akasifia na viatu ambavyo havikustahili, na kabla nyama haijapimwa alikuwa ameshaambiwa kila kitu.

"Anazikusanya," mpishi alisema. "Zile za zamani, za mbao ngumu, za tangu enzi za Mjerumani. Zenye droo za nakshi na miguu ya chuma. Nyumba imejaa. Moja ameiwekea maua, moja redio, na nyingine haina kitu juu yake, anaipaka nta tu kila Jumapili."

"Anashona nini?"

"Hashoni. Anaziangalia."

"Na mtu akimletea nyingi?"

"Atazichukua zote. Mwezi ujao anarudi kwao. Kasha la meli ameshaliagiza Tanga."

Nathanaeli aliihitaji neema hiyo vibaya sana. Mwaka ule mgambo walikuwa wakizunguka mjini kukamata watu wasio na kazi na kuwapeleka vijiji vya ujamaa wakalime. Rafiki yake Silvano, ambaye baiskeli moja ameiuza kwa watu wengi kuliko baiskeli inavyoweza kuvumilia, alikuwa sasa anapalilia mahindi huko bondeni, na habari zake zilikuwa zimewahuzunisha wahuni wote wa Lushoto. Nathanaeli alitaka duka Tanga, lenye leseni ukutani na jina lake mlangoni. Mwenye duka haulizwi jembe lake liko wapi.

Basi akavaa kaunda suti aliyoazima kwa mtu ambaye bado hajajua kuwa ameazimwa, akapanda njia ya Vuga, akapita mbele kidogo hadi kijiji cha Kweminyaa. Alikuwa na sababu. Wanawake wa kule walifundishwa kushona na wamisheni tangu enzi za bibi zao, na wenzao Waislamu wakajifunza kwa kuchungulia dirishani, kwa hiyo kila nyumba ya pili ina cherehani ya kurithi. Njiani aliuliza, kama afanyavyo mtu wa fani, ni nani ambaye akisema kijijini watu wanafuata. Akaambiwa ni Mama Yudith, mwenyekiti wa wanawake, mjane wa marehemu Kornelio aliyefanya kazi ya mkonge Korogwe miaka mingi kabla ya kurudi kufia kwao. Nathanaeli hakuhitaji zaidi. Mwanamume aliyekaa miaka mingi kwenye mkonge, alijiambia, lazima kuna kitu alikiacha huko.

Alimkuta mjane huyo barazani anamenya maharage. Alikuwa mama mnene, mpole wa uso, mwenye macho yanayolengalenga machozi. Nathanaeli alimpima kwa jicho moja, akamhesabu kuwa ameisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Watoka wapi, baba?"

Nathanaeli alivua kofia, akainamisha kichwa, akanyamaza kiasi cha kutosha. "Mama, sijui nianzie wapi. Mimi ni damu ya marehemu mzee Kornelio. Alinizaa kule Korogwe, kambini. Mama yangu alinikataza kuja mzee akiwa hai, kwa kukuhurumia wewe."

Mama Yudith alimtazama kwa muda. Kisha akaweka ungo chini na machozi yakamtoka, machozi ya kweli yenye kamasi. "Kumbe Kornelio aliniachia mtoto," alisema. "Ingia ndani, mwanangu. Baridi hii itakuua."

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Nathanaeli aliona haya kidogo. Haya hiyo ilimkalia hadi kwenye sahani ya makande, ikaondoka.

Katika ukoo ule, mtoto aliyezaliwa nje haingii kwa maneno. Wazee huitwa, mbuzi huchinjwa, mgeni hulishwa ini mbele yao kabla ya mtu mwingine kuonja, na mzee mmoja humtajia majina ya babu zake mmoja baada ya mwingine. Yote hayo yalifanyika, na kwa kuwa ni nyumba ya Walutheri, sala ndefu ilitangulia. Nathanaeli alilila ini, akaongeza paja, akaomba na mchuzi. Aliona ni posho ya safari. Mtu aliyezoea kula vya watu hafikirii kwamba ipo siku na yeye ataliwa.

Kesho yake aliitisha mkutano kwenye darasa la shule, akajitambulisha kuwa mwana wa Kornelio na pia afisa wa mpango wa ushonaji vijijini. Alieleza kwa huzuni kwamba meza za zamani za mbao zimeingiwa na bungua, wadudu ambao wakimaliza mbao huhamia kwenye mashine. Wanawake walimsikiliza bila kutishika. Mashine ni ya chuma, na bungua wanawajua.

"Kwa hiyo," aliendelea, "kila atakayetoa meza ya mbao atapewa mpya ya chuma, yenye droo za kufunga kwa ufunguo. Vichwa vya mashine mtabaki navyo nyumbani. Meza tu ndizo zitakazopakiwa Jumamosi."

Hapo wakasogea mbele. Tatu, mke wa muuza viazi, alinyoosha mkono. "Na mtu akitoa mbili?"

"Atapata mbili. Na kiti."

Baada ya jibu hilo hakuhitaji kusema tena. Kweminyaa ni kijiji cha watu wanaosali, kanisani na msikitini, na siku ile watu wa pande zote mbili walikimbilia nyumbani kwa mwendo mmoja. Mzee Hezekia, mzee wa kanisa ambaye kila Jumapili huwaonya wenzake kuhusu hazina za duniani, alileta meza ya mkewe na meza ya shemeji yake aliyekuwa safarini na ambaye hakuulizwa. Tatu alileta moja iliyovunjika mguu, ikiwa imefungwa kamba, akaapa kwamba inasimama vizuri kuliko yeye. Kuna mwingine alileta kabati la vyombo, akadai kuwa ni cherehani ya aina ya kale sana. Nathanaeli alipokea vyote, akijisikia kama mchungaji siku ya mavuno.

Mama Yudith ndiye aliyesimamia mambo. Alichagua ghala la mahindi lililokuwa tupu, akalifagilisha, akazipanga meza kwa safu zikielekea madirishani, pale penye mwanga.

"Zikae hivi, mwanangu, zipate hewa?"

"Hivyo hivyo, mama."

Alimpikia, akamfulia, akampa chumba chenye kitanda cha marehemu. Jioni alimwuliza maswali ya kijinga kuhusu bungua, naye akayajibu kwa upole wa msomi. Moyoni alimcheka. Alishakubaliana na Shabani, dereva wa lori la kabichi, kwamba Jumamosi asubuhi lori lipande likiwa tupu, wapakie, wateremke Soni moja kwa moja, na Kweminyaa wabaki wamekumbatia vichwa vyao vya cherehani kama yule fundi wa Lushoto.

Jumamosi ukungu ulipoanza kupanda, Nathanaeli alikuwa ameshasimama mlangoni mwa ghala na kamba mpya begani. Akasikia injini. Iliyotokeza kwenye kona ilikuwa Landrova yenye bendera ya chama, na ndani yake katibu wa chama na mgambo wawili. Nyuma yake, kwenye njia ya miguu, wanawake walikuwa wakiteremka kwa mstari, kila mmoja amejitwika kichwa cha cherehani kilichofungwa kanga.

"Mama," Nathanaeli alisema taratibu, "hii ni nini?"

"Ni kazi yako, mwanangu. Nilimpelekea katibu salamu kwamba kiwanda chako kiko tayari, na wenzangu nikawaambia waje na vichwa vyao."

Wanawake waliingia, wakavikalisha vichwa kwenye meza, wakakaza skrubu, wakavuta mikanda. Muda si mrefu ghala zima lilikuwa linanguruma kwa makanyagio. Mzee Hezekia alijipenyeza mbele, uso umemshuka.

"Mama Yudith, na hizi meza za chuma tulizoahidiwa?"

"Zitakuja. Mwanangu ameahidi mbele yetu sote. Mpaka zije tutashonea hapa. Au wewe unataka kuzirudisha zako? Twende basi, tumweleze katibu ipi ni ya mkeo na ipi ni ya nani."

Hezekia aligundua kwamba hakuwa na haraka.

Katibu wa chama alizunguka ghala akigusa meza moja moja. Mwaka mzima alikuwa akitafuta kitu cha ujamaa cha kuwaonyesha wakubwa wake, na alichokuwa nacho mpaka siku ile ni bwawa lililokauka. Akawageukia watu. "Nani aliyebuni jambo hili?"

Vidole vyote vikaelekea mlangoni.

"Wewe ni nani, ndugu? Mwenyeji wa wapi?"

Hapo mdomo wa Nathanaeli, ambao haukuwahi kumwangusha tangu aote meno, ukagoma. Akisema ni afisa, ataulizwa ofisi na kitambulisho. Akisema si afisa, ataulizwa alikuwa anazipeleka wapi meza za wanawake hawa, na mgambo walikuwa hatua chache kutoka kwenye kola yake. Alisimama na kamba yake, jasho likimtoka kwenye baridi ile.

"Ni mtoto wa marehemu mume wangu," Mama Yudith alijibu kwa niaba yake. "Wazee wa ukoo hawa hapa. Mbuzi tumeshachinja."

Wazee waliitikia kwa vichwa. Mmoja akaanza tena kutaja majina ya babu.

"Kwa hiyo ni mwanakijiji," katibu alisema. "Na kazi yake?"

"Alikuwa anatangatanga huko mjini kwa kukosa ardhi, maskini. Sasa ardhi anayo. Shamba la baba yake lipo, na la ujamaa lipo. Mwenyewe anasema hatatoka tena hapa."

Watu walipiga makofi. Wakati huohuo lori la Shabani lilitokeza konani, likaona bendera, likaona mgambo, likarudi kinyumenyume mteremko mzima bila kugeuza, jambo ambalo madereva wengi wa Usambara hawaliwezi. Nathanaeli aliliangalia mpaka likapotea, na duka lake la Tanga likapotea nalo. Katibu akamkabidhi jembe kwa mikono miwili, huku wanawake wakipiga vigelegele. Ilimbidi atabasamu. Alilipokea kwa kulishika upande wa chuma.

Kutoroka alikufikiria, lakini mgambo wa barabara nzima mpaka Mombo walishaambiwa sura yake, tena kwa sifa, kama mfano wa kijana aliyeacha uzururaji. Mzungu aliondoka na meza alizokuwa nazo, na kasha la meli lilibaki na nafasi kubwa. Mchana mmoja, mikono yake ikiwa imejaa malengelenge, Nathanaeli alikuwa ameketi kwenye ukingo wa shamba la maharage akila chakula alicholetewa na Mama Yudith. Swali lililomkaba kwa muda likamtoka.

"Mama. Mzee Kornelio kule Korogwe..."

"Alikata mkonge, na mimi nilimpikia. Tulikaa chumba kimoja cha kambi, miaka yote. Hakuwahi kulala nje hata siku moja, alikuwa anaogopa giza."

Nathanaeli aliacha kutafuna. "Ulijua tangu siku ya kwanza."

"Nililia kwa jinsi ulivyomsingizia."

"Sasa kwa nini hukuniita mwizi?"

"Nikakuita mwizi ili iweje? Tangu uhuru nawaomba wenzangu hawa tushone pamoja, tupate kazi ya nguo za shule. Wakakataa. Kila mtu na cherehani yake, mlango umefungwa, hata sindano huazimwi. Mimi niliwaambia kweli, wakaninunia. Wewe umewadanganya siku moja, wakabeba meza kwa migongo yao wenyewe." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Nilijua ningekaa miaka mingine mingi nisipate mwongo mzuri kama wewe."

Maneno hayo yalimuuma Nathanaeli kuliko malengelenge. Kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya alikuwa amemfanyia mtu mwingine, bure, huku akimwita mama. Alijiona mjinga, na hakuwa amewahi kujiona hivyo, maana siku zote ujinga ulikuwa mali ya watu wengine.

"Basi kama unajua mimi si mtoto wa Kornelio," alisema kwa sauti ndogo, "waambie wazee. Waniache niende."

"Habari za Korogwe ni za uongo," Mama Yudith alisema. "Lakini mbuzi ni wa kweli, baba. Umemla mbele ya wazee na majina ya babu umetajiwa. Hilo siwezi kulitengua hata nikitaka. Kula, kunapoa."

Alikula. Kisha akainuka, akaliokota jembe, akaingia kwenye matuta. Mama Yudith alibaki kando akimwangalia anavyokwenda hadi mwisho wa tuta, halafu akamwita arudi mwanzo, kwa sababu magugu alikuwa ameyakata juu juu na kuiacha mizizi.