Waraka wa Uaminifu wa Injini

Serikali iliutangazia umma, kwa heshima na taadhima, kwamba kuanzia siku hiyo kila gari litaishi na injini lililozaliwa nayo mpaka kifo kiwatenganishe. Gari ni injini; bodi ni nguo tu. Kwa hiyo gari lolote litakalokutwa na injini ya gari jingine litahesabiwa kuwa ndilo hilo jingine, na litafuata sheria zote zinazolihusu.

Waraka huo uliandikwa na Mkurugenzi wa Uthabiti wa Injini, mtu makini, mwenye suti za rangi ya majivu na miwani ya kusomea hata pasipo na cha kusoma. Wenye midomo mirefu walidai kwamba aliuandika kwa sababu ya mama mkwe wake. Uzushi mtupu. Aliuandika kwa ajili ya taifa. Mama mkwe alikuwa mfano tu.

Mfano wenyewe ulikuwa mkunga mstaafu. Alikuwa amehamia kwa binti yake na begi moja la nguo, pamoja na gari dogo la buluu la marehemu mumewe, lililovutwa kwa kamba kutoka mtaa wa pili. Gari hilo likaingizwa bandani. Gari la serikali alilopewa Mkurugenzi, lililokuwa na banda lake miaka yote, likahamia juani. Kesho yake bibi akavaa ovaroli, akafunga mnyororo kwenye boriti, akaing'oa injini iliyokufa, kisha akanunua nyingine iliyotoka kwenye gari la kusambaza mikate lililopata ajali. Haikupita wiki, jikoni kukawa na giaboksi iliyooshwa kwa mafuta ya taa, inakauka kando ya vikombe. Sebuleni rejeta ilikuwa imekalia kochi la Mkurugenzi.

"Shikamoo, mama," Mkurugenzi alisema siku moja mlangoni mwa banda.

"Marahaba, baba. Sogea kidogo, umenikanyagia nati."

"Mama, nilikuwa nawaza kuhusu hili banda..."

"Hata mimi nawaza. Ni dogo. Hebu nishikie taa."

Akashika taa. Mtu hagombani na mama mkwe; akigombana, atakula wapi? Lakini serikali haina mama mkwe. Ndipo akaenda ofisini, akafunga mlango, akaandika.

Waraka ulisomwa redioni wakati bibi yuko chini ya gari anahangaika na vishikio vya injini, maana injini ya mikate ilikuwa pana na gari lenyewe jembamba. Akatoka chini taratibu, akakaa juu ya tairi.

"Mume wangu alikuwa anakuja kunichukua kazini kwa gari hili," alisema. "Kila alfajiri. Nimezalisha usiku kucha, miguu imevimba, nikitoka getini namkuta amelala juu ya usukani. Wakilipeleka kwenye chuma chakavu, nitakuwa nimemzika mara mbili."

Mkurugenzi alihisi kitu kikimbana kifuani. Akakitambua kuwa ni kiungulia, akaenda kumeza dawa.

Bibi hakuacha. Alikata vyuma, akachomelea, akasogeza feni, akaunganisha nyaya huku binti yake akimshikia. Hatimaye akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikapiga chafya, ikanguruma mpaka vioo vya jikoni vikatetemeka.

"Limelia!" bibi akapiga makofi. "Mtoto akilia ni mzima!"

Asubuhi iliyofuata Mkaguzi Mkuu alibisha hodi. Mkurugenzi alikuwa amemchagua mwenyewe. Mama huyu hakuwa na mzaha. Aliwahi kukamata toroli la mume wake kwa kukosa taa ya nyuma. Mkurugenzi akakaa barazani na chai yake, akijifanya ameshtuka kuona mgeni.

Mkaguzi akainama kwenye boneti, akasoma namba ya injini, akainuka. "Mama, hili ni gari la mikate."

"Hili? Lilibeba mkate lini?"

"Injini yake imebeba mikate maisha yake yote. Kisheria halipaswi kubeba abiria. Litachukuliwa leo."

Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. "Ndiyo hivyo, mama. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma."

"Kumbe hukata kote kote?"

"Kote kote."

"Basi mwanangu," bibi akamwambia Mkaguzi, akinyoosha spana kuelekea gari la serikali, "kata na upande ule. Hilo gari tangu nije nalisikia linakohoa kwa sauti ya mtu mwingine."

"Hakuna haja..." Mkurugenzi alianza, lakini boneti ilishafunguka. Mkaguzi alifuta vumbi kwa leso, akasoma, akapiga simu gereji ya wizara.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo. Lini? Aha. Poleni."

Akakata simu. "Mheshimiwa, injini yako ilikufa mwaka jana. Gereji ikaweka nyingine."

"Hilo ni jambo la kawaida katika utumishi!"

"Waliitoa kwenye gari la kubeba maiti la manispaa."

Dereva wa Mkurugenzi, aliyekuwa anafuta vioo vya gari hilo, akaacha kufuta. Akaurudisha mkono wake taratibu, akaupangusa kwenye suruali.

Mkaguzi akafungua kitabu cha kanuni. "Gari la maiti hubeba dereva, naye hukaa mbele. Wewe hukaa wapi, mheshimiwa?"

"Nyuma."

"Siku zote?"

"Cheo changu hakiniruhusu kukaa mbele."

Mkaguzi akafikiri, bila hata chembe ya tabasamu. "Basi tangu mwaka jana idara imekuwa ikiongozwa na marehemu."

"Naufuta huo waraka! Lete kalamu!"

"Marehemu hatii sahihi, mheshimiwa. Hiyo ni kanuni ya zamani, hata mimi nimeikuta."

"Mbona niliutia sahihi nikiwa hivi hivi?"

Mkaguzi akafunga kitabu. "Hapo umesema kweli. Waraka wote ni batili. Mama, endelea na gari lako."

"Na mimi?"

"Nitaomba mwongozo. Kwa sasa nafasi yako iko wazi."

Wizara haikuchelewa. Waziri alisikia kwamba ukaguzi wa maboneti ungehamia kwake, akaagiza jambo hilo lizikwe haraka, pamoja na yeyote atakayehitajika. Mkaguzi Mkuu akawa Kaimu Mkurugenzi. Wenzake wa ofisini walimpelekea mkurugenzi wa zamani kadi ya rambirambi, na mmoja, mtu mwema, akaja kuuliza kama kile kiti chake cha kuzunguka kina mrithi.

Jumamosi gari la buluu likawa tayari kutoka, ila betri ilikuwa na uchovu. Bibi alikaa kwenye usukani na miwani ya jua. Mkwewe akatoka ndani amechana nywele, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma, akasimama kungoja afunguliwe.

"Nyuma wanakaa wafu, baba," bibi alisema.

Akazunguka mbele. Kiti cha mbele kilikuwa bado hakijafungwa.

"Hapo pia hapakaliki. Wewe sukuma."

Akavua koti, akaweka mabega kwenye chuma, akasukuma. Viatu vya ofisini viliteleza kwenye kokoto. Gari likajivuta, bibi akaachia klachi, injini ya mikate ikaitika, moshi mweusi ukalipaka shati jeupe la mkwewe. Bibi hakusimama, maana lingezima. Alikata kona huku akipiga honi, na mkwewe nyuma yake, anakimbia, amelishikilia kwa mkono mmoja.

Mke wake akatoka getini. "Baba watoto, unakimbilia wapi?"

"Usinisumbue!" alipiga kelele bila kugeuka. "Niko kazini!"