Pakiti Zilizopigwa Pasi

Mambo yalimharibikia Profesa Tulia Jumanne ya tarehe tisa, saa nne na robo asubuhi, siku ambayo yeye mwenyewe aliiona ya neema. Alichungulia dirishani akaona mama mwenye faili kwapani na bwana mwenye kalamu tatu mfukoni, wakisoma kibao chake: AKUPANCHA. SINDANO ZISIZO NA DAWA. MGONGO, MISHIPA, HUZUNI.

Watu wa idara ya afya! Cheti kimejileta chenyewe kwa miguu.

Bila cheti aliambulia wale tu waliochoshwa na hospitali ya serikali, ambako dawa huisha Jumatatu na foleni haiishi mwaka mzima. Akikipata, wenye magari nao wangevua mashati.

Kabla ya uprofesa alikuwa mshona magodoro, kwa hiyo kuchoma alijua. Sindano alikuwa nazo ishirini tu duniani. Kila jioni alizifuta kwa kitambaa, akazirudisha kwenye pakiti zake za karatasi, akazibana midomo kwa pasi ya moto. Asubuhi alizichana mbele ya mgonjwa kwa madaha.

"Mpya hiyo, mzee wangu! Sikia inavyolia, chwaa!"

Na watu wazima, wenye wajukuu, wakaridhika na mlio wa karatasi. Wenye mshahara wa kuuliza walikuwa ofisini wakinywa chai.

"Shikamoo, mama! Karibuni, wakubwa wangu!"

"Marahaba." Mama hakukaa. "Sindano zako ni mpya?"

"Kila mgonjwa na zake. Mimi namwogopa Mungu."

"Na mtu akijisogeza zikiwa mgongoni?"

"Thubutu! Inatoboa pafu, pumzi inakata hapo hapo. Ndiyo maana nawaambia, tulia."

Bwana akaandika. "Safi sana. Vua shati."

"Shati la nani?"

"Lako, Profesa. Kanuni mpya. Mganga anachomwa kwanza kwa sindano zake, ndipo tunagonga muhuri. Au una wasiwasi nazo?"

Jana zilikuwa kwenye mgongo wa dereva mwenye macho ya manjano. Juzi, kwa yule mzee wa vidonda. Akikataa, amekiri. Akautazama muhuri ambao bwana alikuwa ameuweka mezani, mviringo, mzuri.

"Wasiwasi wa nini, kaka?"

Akalala kifudifudi. Bwana akamchoma kama anayepanda mahindi, chwaa baada ya chwaa, mpaka pakiti zikaisha.

"Sasa tulia," mama akasema.

Akatulia. Akasikia kasha lake la fedha likivutwa uvunguni. Akasikia feni ikichomolewa.

"Mama, mnafanya nini?"

"Ukaguzi, baba. Angalia pafu."

Maneno yote ya kazi yake aliyatunga mwenyewe. Hilo la pafu tu ndilo alilolisikia kwa daktari wa kweli, na ndilo lililomfunga kitandani.

Mlangoni mama aligeuka. "Wiki iliyopita ulinichoma bega, hata uso wangu hukuutazama. Pakiti ilikuwa na alama ya kuungua, ncha ya pasi kabisa. Mimi ni dobi mwaka wa kumi na tisa huu. Niliwaandikia wakubwa wa afya mara tatu. Kimya. Nikaona nije mwenyewe, na shemeji yangu huyu."

Mgonjwa wa saa saba ndiye aliyemchomoa sindano, naye akajichoma kidole.

Hospitalini nesi alimuuliza Profesa, "Kabla yako zilimchoma nani?" Hakuwa ameandika jina hata moja. Habari ikazagaa.

Leo benchi la maabara limejaa, Profesa na wagonjwa wake bega kwa bega, wakisubiri damu zao zisomwe. Dobi hayupo; amepima hospitali ya kulipia, kwa fedha za kasha. Idara ya afya imeamka, imebandika tangazo ukutani, lenye muhuri, kwamba wananchi watulie. Hakuna anayelisoma. Kila mtu amemgeukia wa pembeni yake:

"Wewe ulichomwa baada ya nani?"